Kusuka kwa Fimbo

Shemeji yangu mkubwa alipokuja kutoka Shinyanga kumchukua dada yake, alitukuta uani, mimi na mke wangu, kila mmoja na fimbo mbili mikononi, tunatokwa jasho, na mtoto wetu amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa anatuhesabia kwa sauti. Kwenye mikono ya mke wangu, kutoka kiwiko hadi kifundo, kulikuwa na alama za zambarau na nyingine zilizoanza kugeuka kijani. Kwenye mikono yangu zilikuwepo pia, lakini hakuna aliyepanda basi kuja kuitazama mikono yangu.

Alikuwa amesimama kwenye geti la mabati. Hakubisha hodi.

"Endeleeni," alisema. "Msiache kwa ajili yangu."

Tukaacha.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

Aliitazama fimbo kabla ya kunitazama mimi. "Iweke chini kwanza, ndipo unisalimie."

Nikaiweka. Nikamwamkia tena, akaitika. Mke wangu alimsalimia Kisukuma, "Mwadila," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile kaka yake alikuwa anapita tu kwenda sokoni. Lakini sote tulijua kilichomleta. Kwao kaka haji kwa dada aliyeolewa bila taarifa ila kwa misiba miwili: amekufa mtu, au anapigwa mtu. Hakuwa na uso wa msiba wa kwanza.

Ningeweza kumweleza pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Ila jaribu wewe: simama mbele ya kaka wa mkeo, fimbo iko miguuni pako, mkeo ana damu iliyovilia mikononi, useme, "Shemeji, siyo unavyofikiri." Hata mimi niliyekuwa naisema sentensi ile kichwani niliona inanuka.

Tunaishi Kalangalala, mjini Geita, chumba na sebule, na ua tunaochangia na mama mwenye nyumba. Asubuhi, kabla karasha za kusagia mawe hazijaanza kunguruma ng'ambo ya barabara, mimi huandika riwaya ambayo kila mtu wa nyumbani ameshaacha kuniulizia. Kisha nakwenda dukani ninakouza vifaa vya wachimbaji: karai, tindo, nyundo, mabuti, tochi za kichwani. Mke wangu ana saluni mtaa wa pili. Na katikati ya hayo yote, jioni, tunapigana kwa fimbo.

Hapo ndipo watu huniuliza kwa nini, nami ndipo ninapoanza kupata kigugumizi.

Aliyetufundisha alikuwa Mfilipino, fundi wa mitambo, aliyeletwa kwa mkataba na kampuni ndogo isiyokuwa na pa kuwalaza watu wake, akapangishiwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji. Lete, shika, kaza, legeza. Kwa maneno hayo manne alirekebisha mitambo, alinunua nyanya, na baadaye alitufundisha mchezo wa kwao unaoitwa eskrima. Kila Jumapili alitoka uani na fimbo mbili za henzirani, zimechomwa kwa moto hadi zikawa na madoa kama chui, akazizungusha peke yake na macho yake hayapo Geita. Nilimtazama kutoka dirishani kwa wiki nyingi. Nilikuwa nimekwama kwenye sura ya riwaya, na mtu aliyekwama hutazama chochote kinachokwenda. Siku moja akainyoosha fimbo moja kuelekea dirishani. "Lete wewe," akasema.

Nilikwenda. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa kupiga. Alisimama mbele yangu, akaishusha fimbo kwa kasi hadi upana wa kidole kutoka kwenye paji langu, nami nikafumba macho. Akatikisa kichwa. Akashusha tena. Nikafumba tena. Ilikuwa hivyo mchana mzima. Mtu anayefumba macho, alinionyesha kwa ishara, ameshapigwa kabla ya kupigwa.

Jambo la pili ni lile analoliita sinawali. Wawili mnatazamana, kila mmoja na fimbo mbili, mnagonganisha juu, chini, juu, kulia kisha kushoto, na fimbo zinapishana bila kukoma. Akaniambia kwa vidole kwamba maana yake ni kusuka, kama ukuta wa mianzi iliyochanwa. Nilishindwa. Fimbo yangu ya kushoto ilichelewa kila mara kama mgeni asiyejua njia ya chooni. Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini anamsuka mteja wa Jumapili, kichwa cha mteja kati ya magoti yake, wala hakuinua uso.

"Unaruka mkono wa kushoto," alisema.

"Umeona wapi, na hutazami?"

"Nasikia. Ni tatu kama nywele. Wewe unasuka mbili."

Alipomaliza kichwa kile akanawa mafuta, akachukua fimbo, akafanya mzunguko mzima bila kukosea. Mfundishaji wetu alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku ile mwanafunzi alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mtu wa kugongana naye tu. Mkataba wa fundi ulipokwisha, alituachia jozi mbili za henzirani na neno moja moja langoni, akimtazama mke wangu: "Legeza." Kisha akanigeukia mimi: "Kaza." Mpaka leo sijui kama alikuwa anazungumzia mikono.

Alama za mikononi ni za kawaida. Fimbo inateleza, inakula mfupa, mnacheka, mnaendelea. Shida ni kwamba mke wangu ni msusi, na msusi hufanya kazi mikono ikiwa juu. Mikono ya gauni inashuka. Na mwanamke anayesukwa hana la kufanya ila kutazama kioo. Walimwuliza. Akawaambia, "Ni mazoezi."

"Mazoezi," wakarudia, kwa sauti ile ile wanayotumia kwa mwenzao aliyesema amejigonga mlangoni.

Mmoja wa wale wateja alikuwa mtu wa kwao. Akaenda kuhudhuria harusi Shinyanga, na maneno yakaenda naye.

Basi siku ile shemeji aliletewa kigoda, akakaa. Mama mwenye nyumba alitoka na ufagio, akaanza kufagia mahali alipokuwa amefagia asubuhi.

"Mimi sikusema kitu," alisema, hali hakuna aliyemwuliza. "Mimi nilisema tu nasikia."

"Unasikia nini, mama?" shemeji akauliza.

"Nasikia ta-ta-ta, ta-ta-ta, kila jioni. Halafu mtoto anahesabu. Jamani! Mama anapigwa, mtoto anahesabishwa! Nikasema, hapa pana unyama ambao sijawahi kuuona."

"Sasa mama," mke wangu akasema, "si ungekuja kuniuliza?"

"Nimekuja kuomba chumvi mara ngapi? Unadhani nilikuwa sina chumvi? Chumvi niliyonayo ndani inatosha harusi! Nilikuwa nakutazama uso."

"Ukaona nini?"

Mama mwenye nyumba akaegemea ufagio. "Nikaona unacheka. Ndiyo nikaogopa zaidi."

Shemeji alisikiliza yote, kisha akaokota fimbo yangu pale chini. Ni mchungaji, ana ng'ombe, na maisha yake yote ameshika fimbo. Aliipima mkononi.

"Hii inatoka wapi?"

"Ufilipino."

"Kwa ndege?"

"Nadhani kwa ndege."

"Shemeji, wewe ni Msukuma?"

"Ndiyo, shemeji."

"Fimbo kwetu tunaikata njiani tukienda machungani, tunaitupa tukirudi. Wewe unangoja iletwe kwa ndege, na mwalimu wake." Akamtazama mama mwenye nyumba, na yule mama, msaliti, akacheka.

Kisha, bila onyo, na kicheko bado kiko mdomoni, akaiinua fimbo na kuishusha kwa nguvu kuelekea uso wa dada yake.

Nilipiga kelele. Mke wangu hakupiga. Macho yake yalikuwa wazi kama ya mtu anayesoma bango. Fimbo yake ya kulia ilikutana na ile ya kaka yake juu, na ya kushoto ikaja kutoka chini, ikamgonga kwenye vifundo vya vidole, ko.

"Tatu!" mtoto akasema.

Shemeji alikitazama kiganja chake. Akakitikisa. Halafu akanigeukia mimi na kuiinua fimbo vile vile, nami nikajikunja, kiwiko juu, macho nimefumba.

"Baba amefumba!" mtoto akapaza sauti, na safari hii walicheka wote, hata mke wangu, hata mimi. Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kufikiria chai.

"Haya," shemeji akasema, akairudisha fimbo chini taratibu. "Sasa najua anaweza. Sijajua kama anahitaji. Mama anataka kumwona."

Kwao ndivyo ilivyo. Kaka hahukumu; kaka analeta. Mwanamke hulala kwa mama yake, huulizwa na mama yake peke yao, na mume hamfuati mpaka aitwe. Asipoitwa, basi wazee watakuja kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari waliotolewa, na mazungumzo hayo yakianza, nyumba imekwisha. Nilimtazama mke wangu nikingoja acheke tena, amwambie kaka yake aache utani, kuna kichwa cha mteja kinamsubiri kesho.

"Nitakwenda," alisema.

"Kwenda kufanya nini? Mwambie basi!"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba sikupigi!"

"Hunipigi," alisema, akiniambia mimi, siyo kaka yake, kana kwamba ni mimi niliyekuwa na mashaka. Akaingia ndani kufunga begi. Aliporudi, jozi zote mbili za fimbo zilikuwa zimechomoza kwenye zipu.

"Unabeba na ushahidi," kaka yake akasema.

Mtoto alibaki nami. Aliamua hivyo mke wangu mwenyewe, na kwa muda nilijifariji: mwanamke anayeondoka moja kwa moja hamwachi mtoto. Kisha nikajifariji kinyume: labda amemwacha ili niwe na cha kushika. Sikuelewa lolote. Nilifungua duka nikiwa na mtoto. Alivaa tochi ya kichwani ikamfika puani, akakaa ndani ya karai, na wachimbaji waliokuja kununua tindo wakamsalimia kwa heshima kama mkaguzi wa migodi. "Mama yuko wapi?" wakamwuliza. "Amekwenda kwa bibi kwa sababu baba alifumba macho," akawajibu.

Nywele zake zilifumuka. Asubuhi moja nikamkalisha kati ya magoti yangu nijaribu. Tatu, nikajiambia, ni tatu kama fimbo. Juu, chini, juu. Mkono wa kushoto ukachelewa. Nilichokitoa hakikuwa msuko, na mama mwenye nyumba alipokiona alimchukua mtoto bila kusema neno, akamfumua, akamsuka, akamrudisha. Ilikuwa mara ya kwanza kunihurumia. Sikupenda.

Daftari la riwaya lilibaki limefunguka ukurasa ule ule. Nilikuwa na kazi nyingine kichwani: nilikuwa narudia jioni zetu, moja moja, nikitafuta pigo lililokuwa zito kuliko lilivyopaswa. Kwa sababu kuna jambo sikumwambia shemeji. Zilikuwepo jioni tulizogombana kabla ya kushika fimbo. Tuligombana kama watu wote: juu ya mama yangu wa Masumbwe na simu zake, juu ya riwaya isiyokwisha, juu ya nani alipaswa kumchukua mtoto. Kisha tukatoka uani, na henzirani ziligongana kwa sauti nyingine, kali, ya haraka, na hatukucheka. Baadaye tulilala vizuri. Nilikuwa nasema moyoni kwamba hasira inatoka kupitia ncha za fimbo. Sasa, nikiwa peke yangu kaunta, sikujua tena kama ilikuwa inatoka au ilikuwa inaingia. Na je, alama zile za zambarau, zipi zilikuwa za jioni zipi? Mtu anaweza kuwa hapigi, na bado fimbo yake ikawa inasema kitu?

Nilimwandikia ujumbe. Uliwahi kuniogopa?

Akajibu jioni. Nitakuambia nikija.

Nikaushika ule ujumbe kama mchimbaji anavyolishika jiwe, akiligeuza kwenye mwanga. Nikija. Basi anakuja. Lakini nitakuambia: basi lipo la kuambiwa.

Sikuitwa. Alikuja mwenyewe, mchana, kwa basi, akashuka kwenye bodaboda mbele ya duka na begi lake mgongoni. Mtoto alitoka kwenye karai kama risasi. Mimi nilibaki nyuma ya kaunta nikiwa nimeshika buti la mguu mmoja. Mteja akaniuliza bei mara mbili, kisha akatutazama na kuondoka bila kununua.

Begi lilikuwa bapa. Hakuna kilichochomoza kwenye zipu.

"Fimbo ziko wapi?" nikauliza. Katika maneno yote duniani, nilichagua hayo.

"Nimemwachia mdogo wangu."

Mdogo wake ameolewa kijiji cha jirani na kwao. Nilimwona siku ya harusi yetu; alikuwa ndiye aliyecheza ngoma kuliko wote. Mke wangu alikaa juu ya karai alilokuwamo mtoto, akanieleza, akitazama barabarani muda wote.

Mama yake, baada ya kumwuliza peke yao, alimwita na mdogo wake aje asikilize. Mdogo alifika akiwa amevaa mikono mirefu kwenye jua lile la Shinyanga, na ndiye aliyesema kwa ukali kuliko wote: dada aachane na mwanamume huyo, asirudi Geita, mwanamume anayepiga haachi. Mke wangu, ili kuwaondoa wasiwasi, akatoa henzirani kuwaonyesha mchezo. Akampa mdogo wake fimbo mbili, wakasimama wakitazamana, akainua ya kwake pole pole, kama anavyomwinulia mtoto wetu.

"Alifumba macho," mke wangu akasema.

"Hata mimi nafumba."

"Siyo hivyo. Wewe unafumba halafu unajikunja, unapiga kelele, unatuchekesha. Yeye alifumba akasimama. Hakuinua hata mkono. Alingoja."

Mtoto alikuwa amempandia mapajani, anamvuta hereni.

"Kaka alikuwepo," akaendelea. "Aliona nilichoona. Akauweka chini ugali aliokuwa anakula. Akaniambia, fimbo nilizifuata Geita, kumbe ziko hapa."

"Sasa?"

"Sasa kaka amekwenda kule kwa mumewe. Mdogo wangu yuko kwa mama. Asubuhi anasuka fimbo. Mkono wake wa kushoto ni kama wako." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Yeye nyumba yake haina kelele, unajua? Hakuna jirani aliyewahi kuomba chumvi."

Nilitaka kusema neno kubwa. Mimi ni mtu wa maneno, au hujidai hivyo. Niliona aibu kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu: si mimi. Na nyuma ya nafuu ile lilikuwa bado limesimama swali langu, kwa sababu la mdogo wake halikuwa jibu la langu.

"Ulisema utaniambia."

Alinielewa. Alimshusha mtoto, akamvalisha tochi ya kichwani, akaiwasha mchana kweupe.

"Fimbo sikuiogopa hata siku moja," alisema. "Fimbo naiona inakuja. Kuna siku zile unakaa na daftari lako, huongei asubuhi, huongei mchana, nakuuliza kitu unanitazama kama mteja. Siku hizo nilikuwa natamani jioni ifike tushike fimbo, angalau nijue uko upande gani."

"Kwa hiyo uliniogopa, au hukuniogopa?"

"Mbona unataka iwe moja?"

Nililirudisha buti kwenye mwenzake.

Siku zilizofuata ua ulikuwa kimya. Hatukuwa na fimbo, na hakuna aliyezitaja. Nilijitahidi kuongea mchana, hata bila sababu. Nilimsomea kurasa za riwaya akiwa anaosha vyombo, akaniambia sura ya pili inaruka mkono wa kushoto. Simu kutoka Shinyanga zilikuja, akazisikiliza amesimama langoni. Wazee wa pande mbili za ndoa ya mdogo wake wanazungumza, ng'ombe wanatajwa. Halijaisha.

Mama mwenye nyumba akaja na bakuli.

"Chumvi?" mke wangu akamwuliza.

"Siku hizi sisikii kitu," alisema, akitutazama nyuso mmoja baada ya mwingine. "Ta-ta-ta imekwenda wapi? Mmegombana?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni ile ile nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mpera wa yule yule mama, na kwa ruhusa yake nikakata fito nne zilizonyooka. Sikuzichoma kwa moto. Nilizimenya tu maganda. Zilikuwa nzito, mbichi, bado zina maji. Tukasimama uani. Mtoto akaifudikiza ndoo yake.

Mlio ulikuwa mwingine, mnene, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa mninga. Nilijilazimisha kuweka macho wazi. Nilimwona mke wangu, niliona fimbo, niliona nyuma ya bega lake dirisha la mama mwenye nyumba likifunguka kidogo. Hakutoa kichwa. Alikuwa anatusikiliza tu, pigo kwa pigo, nami sikujua kama anaufurahia mdundo au ananilinda mimi nisije nikawa mtu mwingine. Nikatamani asilifunge.

"Unaruka kushoto," mke wangu akasema.

"Najua," nikasema, na fimbo yangu ikachelewa tena.